Punje Mbili za Ganda Moja

Wembe ulipita kando ya kitovu cha Mzungu, damu ikatoka, nyekundu kama ya mtu yeyote. Watu walioketi juu ya nyasi mbichi zilizotandazwa nyumbani kwa Rwegoshora wakashusha pumzi kwa pamoja, maana wapo walioapa kwamba haitatoka.

"Mlidhani yatatoka maziwa?" akauliza Pastory, mkalimani wa mgodi, Mhaya wa Muleba mwenye rozari shingoni na maneno mengi mdomoni.

Watu wakacheka. Rwegoshora hakucheka. Aliipasua buni moja mbivu kwa ukucha wa kidole gumba, akatoa punje zake mbili, moja akaipaka damu yake, nyingine akaipaka damu ya mgeni. Wakabadilishana. Kila mmoja akameza punje yenye damu ya mwenzake, nzima, bila kuitafuna, kama walivyofungiana udugu Wanyambo tangu enzi za wafalme wa Bweranyange.

"Ukiniomba nikakunyima," akasema Rwegoshora, "buni hii ivimbe tumboni mwangu mpaka nipasuke. Nikishiba nawe una njaa, ivimbe."

Mzungu akayarudia maneno yale kwa Kiswahili chake cha kambini, polepole, kama mtu avukaye kijito kwa kukanyaga mawe. Hakuruka hata jiwe moja.

Huyo ndiye aliyekuwa meneja wa mgodi wa bati uliofunguliwa kwenye vilima vya Kyerwa, upande wa Isingiro. Jina lake la kwao liliwashinda watu kulitamka, wakamwita Bwana Karai, kwa sababu hakuona haya kukunja suruali, kuingia mtoni na kuosha changarawe kwa karai lake mwenyewe, akilizungusha na kulitikisa hadi mchanga mwepesi umwagike na bati jeusi lisalie chini. Mwaka ule wa elfu moja mia tisa ishirini na saba hapakuwa na Mzungu mwingine kati ya pale na mto Kagera aliyejua kuketi chini na watu.

Rwegoshora alikuwa kijana mwenye kiburi, na kiburi chake kilikuwa na akili. Alizaliwa chini ya bendera ya Wajerumani, akawaona wakiondoka nayo. Akawaona Waingereza wakija na yao. Hakuna aliyewahi kuwafunga kamba, akawaza, ndiyo maana huja na kuondoka kama ndege wa mtama. Mwanamume akishameza damu yako hawezi kuondoka hivihivi. Jioni ile alimwambia mama yake, Kemilembe, akiwa amenyoosha miguu kama chifu: "Wenzangu wamefungwa na kazi ya Mzungu. Mimi nimemfunga Mzungu."

Kemilembe alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua macho. "Umemfunga kwa kamba gani, mwanangu?"

"Kwa buni, mama."

"Buni moja ina punje mbili. Zote hunyonya kwenye kikonyo kimoja. Siku kikonyo kikikauka, usije ukaniuliza ukavu umeanzia punje gani."

Rwegoshora akacheka. Wazee, akajisemea, wakikosa la kusema husema methali.

Ikafuata miaka ya neema. Mgodi uliwala watu, watu nao wakaula mgodi. Vijana walivuka Kagera kutoka Ruanda na Urundi wakiwa na fimbo tu mikononi, wakashika sururu, na jioni walitaka kula. Basi ndizi za Isingiro zikapata walaji na maharage yakapata walaji. Lubisi, pombe ya ndizi ya Anatolia, mke wa Rwegoshora, ikawa haipati hata nafasi ya kuchacha. Fundi cherehani alikuja kutoka Bukoba akaiweka mashine yake chini ya kibaraza. Hata aliyechukia mgodi alivaa shati lililoshonwa kwa ajili ya mgodi. Hapakuwa na aliyeuliza bati linakwenda wapi. Lilipakiwa likaenda Bukoba, likapanda meli ziwani, likapotea machoni. Nani humuuliza ng'ombe maziwa yametoka wapi, maadamu kibuyu kinajaa?

Rwegoshora akawa mnyapara wa waosha bati. Alitembea na kijifimbo kwapani. Alipopita penye walevi walimtania:

"Huyo anapita shemeji wa Mzungu!"

"Shemeji ni wewe uliyetoa dada," aliwajibu. "Mimi ni ndugu wa tumbo."

Kisha siku moja ya kiangazi Bwana Karai akaja nyumbani kwake, Pastory akimfuata. Hakuja na kicheko chake. Akaketi kwenye kigoda, akaliweka karai chini, na ndani yake mlikuwa na chembe nyeusi nzito, zinazong'aa kama macho ya panya.

"Nimezitoa kwenye korongo lililo chini ya kibanja chako," akasema. "Ndugu yangu, bati limeingia chini ya migomba. Ni jingi kuliko yote tuliyoyaona. Nipe nichimbe. Likiisha, kampuni itarudisha udongo wote, na samadi ya ng'ombe wa kambi juu yake. Nakuahidi."

Rwegoshora akaufungua mdomo kukataa. Neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi. Kibanja kile kilianzwa na babu yake, vikapu vya samadi vikibebwa kichwani, nyasi zikitandazwa mwaka baada ya mwaka, hadi udongo ukawa mweusi na laini kama ugali wa ulezi. Katikati yake, chini ya kichaka kinene cha migomba, alilala baba yake. Lakini ndugu alikuwa ameomba. Na mahali fulani chini ya kitovu, Rwegoshora aliihisi buni ikijigeuza.

Hapo ndipo alipojua kwamba kamba aliyoisokota ilikuwa na ncha mbili, na ya kwanza kukazwa ilikuwa ya kwake.

"Mnyime," Kemilembe alimwambia wageni walipotoka.

"Nimekula kiapo, mama."

"Kiapo umekula wewe. Kibanja hakikula."

"Nikimnyima, buni itavimba. Si wewe uliyenifundisha? Si wewe uliyenionyesha kaburi la mtu aliyemnyima ndugu yake ndama?"

Kemilembe akautazama mlango walikopitia wageni. Angeweza kusema uongo, kwamba Mzungu hahesabiwi, kwamba damu ile haikushika. Lakini aliamini. Mwanamke aliyemfundisha mtoto kuogopa moto hawezi kumwambia kesho yake auingie.

"Basi mwambie asiguse kaburi," akasema.

Migomba ikaanguka. Mgomba hauanguki kwa kishindo cha mti. Huanguka kwa sauti ya nguo mbichi itupwayo juu ya jiwe, na kila uliokatwa ulitiririsha utomvu ulioyatia mashati ya wachimbaji madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni wala kwa majivu. Mikahawa iling'olewa na mizizi yake. Shimo likashuka, kwanza hadi magoti, kisha hadi vichwa, kisha watu wakaonekana kwa juu kama siafu. Bwana Karai alilitimiza ombi la Kemilembe: kaburi halikuguswa. Walichimba kulizunguka pande zote hata likabaki limesimama katikati kama nguzo ya udongo, na juu ya nguzo kichaka kimoja cha migomba, kikipepea. Ukitaka kwenda kumfagilia marehemu, ulipita juu ya magogo mawili yaliyolazwa kutoka ukingoni.

Rwegoshora alijifariji. Bati lina mwisho, aliwaza. Likiisha, udongo utarudi. Akaanza kuhesabu kwa hamu kile ambacho mnyapara mwingine angekihesabu kwa hofu: siku ya mgodi kumalizika. Usiku aliota samadi.

Mgodi haukumalizika. Mgodi ulisimama.

Asubuhi hiyo ya mwaka wa thelathini, kipande cha reli kilichotundikwa kambini hakikugongwa. Maji hayakuteremka kwenye mfereji. Watu walikusanyika na sururu mabegani, na Pastory akapanda juu ya sanduku tupu. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, alikuwa ameishiwa mzaha.

"Kazi imesimama," akasema. "Kila mtu arudi kwao."

"Bati limekwisha?" akauliza Rwegoshora.

"Bati limejaa."

"Pampu imekufa?"

"Pampu nzima."

"Tumefanya kosa gani?"

"Hamkufanya kosa." Pastory akavua kofia, akaigeuza ndani nje kana kwamba jibu limeshonwa humo. "Sikilizeni. Amerika watu wamefilisika. Aliyefilisika hanunui nyama ya kopo. Nyama isiponunuliwa, kopo halitengenezwi. Kopo lisipotengenezwa, bati halitakiwi. Wenye kampuni hii wako Ulaya, na fedha zao nyingi zimezama huko Amerika. Sasa wanakusanya kila walichokitawanya duniani. Hapa walichokitawanya ni pampu na sisi. Pampu itauzwa."

"Na sisi?" akauliza kijana mmoja wa Urundi. "Mimi sijamkosea Mmarekani hata mmoja!"

Watu wakacheka kwa nguvu, kisha kicheko kikakatika chenyewe, kila mtu akimwangalia jirani yake.

Homa ile ya mbali ilipofika ilishuka ngazi kwa ngazi, na hapakuwa na mlango iliousahau. Vijana wa Ruanda na Urundi walivuka mto kurudi walikotoka, na siku hiyohiyo ndizi zikakosa mlaji. Lubisi ya Anatolia ikachacha, ikawa siki, ikamwagwa. Fundi akajitwisha cherehani yake akashika njia ya Bukoba. Watu wakasema, si hoja, tuna kahawa. Lakini wachuuzi wa kahawa walipopita waliibinya midomo, wakasema kahawa nayo imeugua ugonjwa uleule huko iendako. Ilikuwa kama kwamba Karagwe na Kyerwa nzima zimemeza buni na watu wasiowajua, na wale watu wameanguka.

Waliokuwa na vibanja walirudi vibanjani, wakafunga mikanda, wakala. Rwegoshora alirudi kwenye shimo.

Majirani walimpita haraka na vikapu vyao vya ndizi wasije wakaombwa, na hawakumtania tena. Hilo lilimuuma kuliko utani. Lakini alikuwa bado na kitu kimoja, nacho alikishika kama mtu ashikavyo mzizi kwenye poromoko. Kiapo. Ahadi ya udongo haikutimizwa. Ndugu ameombwa, ndugu amenyima. Basi mahali fulani, buni inavimba. Alimtazama mama yake akila maharage bila ndizi, akawaza tumbo la Mzungu likiumuka kama ngozi ya ng'ombe aliyekufa mtoni, na wazo lile likampa usingizi. Si haki tamu, lakini ni haki. Mtu aweza kulala njaa akijua yuko aliyekosa.

Akaenda kambini kulitazama tumbo hilo.

Alimkuta Bwana Karai ameketi juu ya kreti ya pampu, mbele ya nyumba ambayo milango yake ilikuwa imekwisha ng'olewa ili iuzwe. Mpishi wake alikuwa ameondoka. Kwenye dirisha palikuwa na safu ya makopo ya nyama, yote wazi, yote matupu. Pastory alikuwa akifunga mizigo kwa kamba.

Mzungu akainuka kumpa mkono, na suruali yake ikateremka, akaidaka. Mkanda wake ulikuwa na tundu jipya, lililotobolewa kwa msumari.

Rwegoshora akalitazama tumbo. Akalitazama tena. Lilikuwa limebonyea, limeshikana na mgongo kama tumbo la mbwa wa mjane.

"Udongo wangu," akasema, ingawa sauti haikutoka na hasira aliyokuwa ameipanga njia nzima.

"Niliwaandikia," akajibu Bwana Karai. "Kila nilipoandika kuhusu shimo lako, walinijibu kuhusu pampu. Mara ya mwisho wamenijibu kuhusu mimi. Mimi pia nimeachishwa, ndugu. Hata nauli ya kufika kwetu sijui itatoka wapi, na huko nasikia hakuna kazi."

"Ulinilia kiapo."

"Nilikula. Bado ninacho." Akaweka kiganja juu ya lile tumbo bapa. "Ningekuwa na udongo ningeubeba kwa mikono hii."

Rwegoshora akajua kwamba ni kweli, na ukweli ule ulimvunja kuliko uongo. Alikuja kumwona mkosaji akapata mwenzake wa njaa. Akamgeukia Pastory.

"Basi nani? Nani aliyeninyima? Lazima awepo mtu. Nitajie mtu ambaye buni inavimba tumboni mwake."

"Kampuni ndiyo iliyokunyima."

"Na yeye tumbo lake liko wapi?"

Pastory akakaza fundo. Alijibu bila kumtazama, kwa sauti ndogo, kama anayejiungamia mwenyewe. "Kampuni haina tumbo, bwana mdogo. Buni ingevimbia wapi?"

Upepo ukayapita yale makopo dirishani, yakatoa mlio mwembamba. Ndani ya bati lile, nani ajuaye, labda lilikuwemo lililotoka chini ya migomba ya baba yake, lililovuka bahari likarudi na nyama iliyoliwa na mtu mwingine. Rwegoshora alisimama. Mila ilikuwa na swali moja tu lililobaki, na hakuwa na nguvu ya kulizuia.

"Umekula?"

"Jana asubuhi," akasema Bwana Karai.

Kemilembe alikuwa mlangoni walipofika, wanaume watatu mmoja nyuma ya mwingine. Pastory akamwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia. Kisha akamtazama mwanawe.

"Huyu ndiye aliyekila kibanja chetu?"

"Ndiye, mama."

"Na ana njaa?"

"Ana njaa."

Kemilembe akacheka, mara moja tu, kicheko kikavu kama kuni ivunjikayo. Akachukua kisu. Akavuka magogo yale mawili hadi juu ya nguzo ya udongo, kwenye kichaka cha migomba kilichoota juu ya mumewe, na akaukata mkungu uliokuwepo, mmoja, mchanga, ambao kwa mwaka mwingine wowote angeuacha ukomae. Anatolia akawasha moto. Ndizi ziliiva bado zikiwa na ugumu katikati. Wakala kwenye jani moja, Mzungu na ndugu yake, na kila tonge lilikuwa na marehemu ndani yake.

Lori la mwisho lilipita alasiri likiwa na pampu. Kabla ya kupanda, Bwana Karai akamwekea Rwegoshora mikononi lile karai lake, ambalo kingo zake zilikuwa zimelika kwa miaka ya changarawe. Hakusema ni zawadi. Hakusema kwaheri. Labda alijua kwamba maneno yote mawili yalikuwa na deni.

Kesho yake Rwegoshora aliteremka shimoni. Hakujua kwa nini. Mikono yake ilikuwa imezoea. Akachota changarawe chini ya ukingo ambako sururu ya mwisho ilikuwa imeishia, akaitia maji ya dimbwi, akalizungusha karai, akalitikisa, akayamwaga mepesi yakaenda, mpaka chini likabaki bati tupu, jeusi, zito, limejaa kiganja. Hakuwahi kuosha karai lenye bati kama lile. Akalikadiria uzito mkononi. Uzito wake ulikuwa uleule. Weusi wake uleule, mng'ao wake uleule. Kitu chenyewe hakikuwa kimebadilika hata chembe. Kilikuwa tu hakitakiwi tena na watu ambao hakuwahi kuwaona, na kwa hiyo kilikuwa mawe.

Akahisi chini ya kitovu. Buni ilikuwa imetulia. Haikuvimba, haikuyeyuka. Ilikuwa pale.

"Umepata?" Kemilembe aliuliza kutoka juu ya ukingo.

"Nimepata."

"Jingi?"

"Jingi kuliko siku zote."

Mama akateremka polepole, akishika mizizi ya mikahawa iliyoning'inia hewani. Alipofika akalitazama bati bila chuki, kama mtu amtazamavyo mtoto wa mgeni aliyesahauliwa nyuma. Kisha akatazama juu, kwenye ile nguzo. Upande mmoja ulikuwa umekwisha kumeguka kwa manyunyu ya juzi, na mzizi wa mgomba ulionekana, mweupe. Upande wa Ruanda mawingu ya vuli yalikuwa yanajipanga.

"Nipe hilo karai," akasema.

Akalimwaga bati palepale miguuni, likazama matopeni. Akapanda juu. Rwegoshora alimsikia akienda hadi zizini kwa jirani, akamsikia akirudi, pumzi zake zikimtangulia. Akainama juu ya magogo, akamimina karai moja la udongo na samadi kwenye kitako cha nguzo. Ukateleza, ukaingia dimbwini kwa sauti ndogo, maji yakatikisika, yakatulia. Mahali ulipoanguka hapakuonekana.

Kemilembe akalikung'uta karai kwa kiganja. Nyayo zake zikaenda tena kule zizini. Rwegoshora alibaki amesimama shimoni, uso wake umeelekea juu, akisubiri sauti ya karai la pili.